Makofi Matatu kwa Kila Mtoto

Wazo lilikuwa langu, na nililipigania. Naanza na hilo ili asije mtu akamlaumu mkuu wa shule au walimu wake, maana wao walikuwa tayari kuendelea kuyavumilia mahafali kama yalivyokuwa.

Na yalikuwa hivi. Shule ya sekondari aliyosoma mjukuu wangu iko nje kidogo ya mji wa Songea, mahali ambapo ukiinua macho unauona mlima Matogoro, na siku ya mahafali ya kidato cha nne uwanja wake hugeuka kuwa gulio. Jina la mtoto likisomwa, ukoo mzima unainuka. Kina mama wanakimbia mbele kutandika khanga ili mtoto apite juu yake. Mashangazi wanamvika mataji ya karatasi za kumetameta mpaka shingo haionekani. Wajomba wanapuliza filimbi. Vijana wa bodaboda waliojipanga nyuma ya maturubai wanapiga honi, hata kama mtoto si wao. Mwaka mmoja familia fulani ilikodi matarumbeta. Na wakati hao wanacheza, mwalimu wa taaluma anaendelea kusoma majina, kwa sababu mgeni rasmi ana safari, na jina linalofuata linamezwa.

Mwaka huo wa matarumbeta ndipo nilipomwona binti mmoja. Aliitwa watu wakiwa bado wanacheza. Alipita pembeni mwa wachezaji akiomba njia kwa mkono, kama mtu anayepita sokoni, akapokea cheti, akapeana mkono na mgeni rasmi ambaye naye alikuwa anawatazama wapiga tarumbeta. Alipogeuka kurudi, muziki ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyepiga hata kofi moja. Haukuwa ubaya, watu walikuwa wanafuta jasho na kutafuta viti vyao. Akarudi mahali pake akitazama viatu. Niliulizia baadaye nikaambiwa kwao ni Lusewa, anakaa bwenini, na mama yake alikuwa mgonjwa hakuweza kuja.

Nilirudi nyumbani na binti yule kichwani. Mimi mwenyewe nilipomaliza kidato cha nne, enzi zetu, tulipewa mkono na mwalimu mkuu, tukabeba masanduku yetu tukaondoka. Hakuna aliyepigiwa makofi, kwa hiyo hakuna aliyeyakosa. Lakini huyu aliyakosa mbele ya watu wote.

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya wazazi. Nimekuwa karani wa chama cha ushirika sehemu kubwa ya maisha yangu, na mtu aliyezoea kuona magunia yamepangwa mstari hakosi nafasi kwenye kamati. Basi kwenye mkutano wa wazazi uliofuata nikasimama, nikasema kuanzia sasa kila mtoto apigiwe makofi matatu. Ya pamoja, ya watu wote. Mwenye ukoo mkubwa matatu, asiye na mtu matatu. Vigelegele, filimbi, khanga na mataji vingoje jina la mwisho lisomwe.

Mkutano ulichemka.

"Mzee," alisimama mama mmoja anayeuza maandazi stendi, "mwanangu huyu nimemzaa kwa kisu. Leo anamaliza shule nimpigie makofi matatu, pa pa pa, kama ninafukuza kuku?"

Watu wakacheka. Baba mmoja wa Madaba akadakia, "Na mimi nitoke Madaba na gari la alfajiri, nifike hapa nikae kimya kama niko mahakamani?"

"Utashangilia, ndugu yangu. Mwishoni."

"Mwishoni! Mwishoni mtoto ameshavua joho, yuko kwenye soda!"

Nikawangoja wanyamaze, kisha nikawasimulia habari ya yule binti wa Lusewa. Nilisimulia vizuri, nakiri. Nilipofika pale alipotazama viatu, yule mama wa maandazi aliweka kiganja mdomoni.

"Mungu wangu. Na mimi nilikuwepo pale," akasema. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali.

Nyumbani hawakunisifu hivyo. Binti yangu, ambaye mimi na mwanawe tunakaa naye hapa Mfaranyaki sisi watatu tu, maana mke wangu alifariki zamani, alicheka mpaka akaegemea mlango wa jiko.

"Baba, umewakataza Wangoni kelele? Haya. Siku hiyo uchukue na plasta, uwabandike midomo."

Mjukuu wangu alikuwa anachambua mchele. Tangu akiwa mdogo tulikuwa na utani wetu wa babu na mjukuu: mimi ni mchumba wake, yeye ni mchumba wangu, na kila siku tunaahirisha harusi. "Mchumba," akaniuliza, "na mimi siku yangu utanipigia mangapi?"

"Matatu."

"Matatu tu? Basi posa imevunjika. Nitamtafuta mzee mwingine mwenye makofi mengi."

Sikujua kwamba maneno yale nitayakumbuka kwa uchungu.

Sasa nieleze kuhusu upande wa baba yake. Baba wa mjukuu wangu alikuwa kijana wa Nalasi, huko Tunduru, Mwislamu, mwenye maneno machache na mikono yenye rangi ya mafuta ya korosho isiyotoka kwa sabuni. Aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipokufa na mikorosho ikakosa mtu. Alimwoa binti yangu kwa taratibu zote, wakaishi vizuri, kisha homa ikamchukua yeye, mtoto akiwa bado chekechea. Binti yangu akarudi kwangu na mwanawe. Mtoto amekulia hapa, Ramadhani anafunga na Krismasi anakula, na hakuna aliyewahi kumgombeza kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kule Nalasi alibaki bibi yake, mama wa marehemu. Walizungumza kwa simu kila Ijumaa. Nami, nikipewa simu, tulisalimiana kwa adabu ya wakwe: "Habari za huko, mkwe?" "Nzuri, mkwe. Mvua je?" "Tunaingoja." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu kwa miaka yote. Na mkwe huzungumzi ovyo. Kwetu, jambo gumu la mkwe hulisemi mwenyewe kwa kinywa chako. Unamtuma mtu, na huyo mtu analizungushazungusha mpaka linafika likiwa laini. Nimelelewa hivyo na sioni kama ni vibaya, ila heshima hiyo mtu anaweza akajificha ndani yake.

Mwaka wa mjukuu wangu kuhitimu ulipofika, bibi akasema anakuja. Alikuwa na miguu inayovimba na hakuwa amesafiri mbali tangu msiba wa mwanawe. Alishuka kwenye basi siku moja kabla ya mahafali, amejifunga khanga mpya, na mfuko wa korosho za kuchoma kwapani ambao hakukubali apokewe na mtu.

Jioni ile tulikaa sebuleni. Alimkalisha mjukuu karibu naye, akawa anamshika mkono na kuugeuzageuza, huku akimwita mke mwenza, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kike.

"Mke mwenza, umekuwa mrefu kuliko mume wetu alivyokuwa," alisema. Kisha akamgeukia binti yangu. "Mama, mimi nimezaa watoto sita. Hakuna aliyefika kidato cha nne. Wote mikorosho iliwaita. Huyu ndiye wa kwanza kutoka tumboni mwangu. Kesho nitapiga kigelegele ambacho sijawahi kukipiga. Nimekinywea maji ya tangawizi njia nzima."

Binti yangu alinitazama, nami nikamtazama. Alikuwa anasema kwa macho: mwambie. Na mimi nilikuwa namwambia kwa macho: mwambie wewe, wewe ni mwanamke mwenzake. Nilijiambia atamwambia chumbani wakati wa kulala. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alijiambia kwamba sheria ni ya Baba, na Baba hawezi kuacha mgeni wake aumbuke. Hivyo tukanywa chai, tukala korosho, na hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba kunyamaza kule hakukuwa heshima. Ulikuwa uoga.

Siku ya mahafali kulikuwa na jua na upepo wa kupeperusha maturubai. Kamati ilikuwa imetupatia sisi wajumbe utepe wa kijani wa kubandika kifuani, tusimame kando ya watu na kulinda utulivu. Mimi nilipangwa upande wa kina mama. Risala ilisomwa, kwaya ikaimba, vijana wakacheza ngoma ya lizombe vumbi likatimka, kisha mshereheshaji, mwalimu kijana mwenye sauti nzuri, akaeleza utaratibu mpya, huku kina mama wengi wakiwa bado wanawashangilia wacheza ngoma. Majina yakaanza.

Niseme kweli, ilikuwa nzuri kuliko nilivyotazamia. Jina linasomwa, kila mtu analisikia hadi kwenye mistari ya nyuma. Mtoto anatembea. Anapokea. Pa, pa, pa, uwanja mzima kama mtu mmoja. Jina linalofuata. Alipita mtoto wa diwani, matatu. Akapita kijana mmoja yatima anayelelewa na masista, matatu, na yule mama wa maandazi aliyapiga kwa nguvu hadi bangili zikalia. Kijana yule alitazama watu usoni, akatabasamu. Nilijiona mrefu. Nilikuwa nimesimama na utepe wangu nikifikiri kwamba hatimaye nimefanya jambo moja hapa duniani ambalo limekaa sawa.

Mjukuu wangu akaitwa.

Kigelegele kilianza kabla jina lake la ukoo halijamalizika kusomwa. Kilianzia juu, juu sana, bila kupanda kwanza, sauti nyembamba iliyokata uwanja wote. Kina mama wakageuka. Bibi alikuwa amesimama kwa miguu ile iliyovimba, kiganja mbele ya mdomo, macho amefumba.

Nao watu hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi. Walijua ni mkwe wangu, maana nilikuwa nimemwingiza mwenyewe na kumtafutia kiti. Nikamwona baba wa Madaba amekunja mikono akitabasamu, anangoja aone sheria ya mzee inavyomfanyia mzee mwenyewe. Ningeweza kuangalia pembeni. Kigelegele hakichukui muda, kingekwisha chenyewe. Lakini nilitembea mbele ya kina mama wote hadi kwenye mstari wake, nikainua mkono, nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa mbali waliisikia:

"Mkwe, kaa chini. Kuna utaratibu."

Alifumbua macho. Kigelegele kilikatika katikati, kama kamba. Alinitazama kana kwamba hakunitambua, halafu akatazama huku na huku, akaona watu wote wamekaa, ni yeye tu amesimama. Akakaa. Akaivuta khanga kutoka mabegani akajifunika kichwa mpaka usoni.

Pa, pa, pa, uwanja ukapiga.

Majina yaliendelea mpaka mwisho bila mtu mwingine kuvunja utaratibu. Ruhusa ya kushangilia ilipotolewa, uwanja ulilipuka, watu wakakimbilia watoto wao na khanga na mataji. Mkuu wa shule alinishika mkono akasema haya ni mahafali ya kistaarabu kuliko yote aliyowahi kuyaona. Baba wa Madaba naye alikuja. "Mzee, nilidhani utampendelea wa kwako," akasema. "Leo nimekuheshimu." Nilimshukuru. Kwa juu ya bega lake niliona binti yangu amemshika mkwe mkono wanatoka taratibu kwenye turubai, na mjukuu wangu, shingoni hana taji hata moja, anapenya kwenye watu akiwatafuta.

Nyumbani tulikuwa tumepika pilau. Mkwe alikula kidogo, akasifu mchele, akauliza kama tunalima wenyewe au tunanunua. Alinijibu kila nilichosema. "Ndiyo, mkwe." "Asante, mkwe." Sikupata pa kuingilia. Mtu akikukasirikia kuna mlango wa kugonga, lakini yeye alikuwa ameniwekea adabu yote, safi, kama meza iliyofutwa. Nikasema, "Mkwe, kuhusu kule shuleni..." Akasema, "Hakuna neno, mkwe. Mimi wa shamba. Shule zina mambo yake." Kisha akaomba maji ya kuoshea miguu.

Asubuhi aliondoka na basi la kwanza. Mjukuu wangu alimsindikiza stendi. Aliporudi nilikuwa nimekaa barazani.

"Shikamoo babu," alisema.

Nadhani ni hapo nilipoelewa. Hajawahi kuniamkia hivyo. Siku zote ilikuwa, "Mchumba, umelalaje?" nami namjibu kwamba nimelala namuota.

"Marahaba. Bibi amepata kiti?"

"Amepata." Alisimama kidogo, akavua kandambili moja na kuivaa tena. "Unajua ameniuliza nini? Ameniuliza kama ameniaibisha mbele ya wenzangu. Amesema nimsamehe, hakujua."

Akaingia ndani.

Wiki zilizofuata alikuwa akijiandaa na mtihani wa taifa. Alinipikia uji, alinifulia, aliniambia shikamoo kila siku ya Mungu. Ningependa aninunie, ila hakuwa na tabia hiyo. Binti yangu naye alijilaumu, nikamwambia aache, kwa sababu hakuwa yeye aliyesimama na utepe. Usingizi ulikuwa mgumu. Mara kwa mara nilijikuta najitetea: kama ningemwacha mkwe wangu, wa pili angesema na mimi, na wa tatu, na mtoto wa nne asingesikika. Na hilo ni kweli. Hata sasa nikiulizwa nasema makofi matatu ni jambo jema, na mwaka huu kamati imeniuliza nikawaambia wayaendeleze. Yule kijana wa masista alitabasamu, nilimwona kwa macho yangu. Ila nilikuja kuona kwamba nilipokuwa natembea kwenda kwenye kile kiti sikuwa namfikiria kijana wa masista, wala binti wa Lusewa. Nilikuwa namfikiria baba wa Madaba aliyekunja mikono.

Mitihani ilipokwisha nilimwambia binti yangu kwamba nataka kutuma mtu Nalasi akaniombee radhi kwa mkwe. Kuna mzee mmoja mwenye asili ya huko tunayesali naye kigango kimoja, mtu wa maneno laini. Tungempa na kitenge kizuri apeleke.

Binti yangu alikuwa anakamua nguo. Hakugeuka.

"Baba, kumnyamazisha ulitumia mtu?"

Nikapokea nguo aliyoikamua, nikaianika kambani.

"Basi nenda mwenyewe. Na mwanangu umchukue."

Tulisafiri mimi na mjukuu wangu mwezi wa kumi na mbili, kupitia Namtumbo na Tunduru mjini, kisha tukapanda gari dogo lililojaa magunia matupu. Ilikuwa mwisho wa msimu wa korosho, na kuingia Nalasi harufu ya mabibo yaliyochacha ilitupokea kabla ya watu. Mjukuu wangu alikuwa amefunga cheti chake cha kuhitimu kwenye mfuko wa plastiki na kukilaza juu ya mapaja njia nzima. Mimi ndiye niliyemwambia akichukue. Nilikuwa na mpango.

Tulimkuta mkwe ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mbele yake turubai limeanikwa korosho, anachagua zilizosinyaa na kuzitupa kwenye ungo. Alimwona mjukuu kwanza. Akatupa korosho alizoshika, akajaribu kuinuka, miguu ikakataa, mjukuu akamwahi palepale chini.  Mimi nilisimama na mfuko wangu wa kitenge kama mtu anayeuza.

"Asalaam aleikum, mkwe," nikasema.

"Waleikum salaam. Karibu, mkwe. Umekuja bila utepe leo?"

Mjukuu wangu alicheka ghafla, akajiziba mdomo. Mkwe naye mdomo ulimchezacheza.

"Siku ile nilikuona, nikasema, eti huyu ni mkwe wangu au ni mgambo wa soko?"

"Mgambo ana afadhali," nikasema. "Mgambo ametumwa."

Akamwambia mjukuu aniletee kigoda, nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno marefu tangu Namtumbo. Yote yalinitoka. Nikamwambia tu kwamba nilijua sheria ile na sikumwambia jioni ile, kwa sababu niliona haya. Kwamba nilimnyamazisha kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Kwamba nilimkatiza furaha yake na nikamwaibisha mbele ya watu, na yeye ndiye akaenda akaomba msamaha kwa mtoto. Kwamba sina la kujitetea.

Alisikiliza huku akichagua korosho. Alipojua nimemaliza, akasema, "Nimesikia, mkwe."

Ndipo nikatoa mpango wangu. Nilisema hapa ni kwake, hakuna kamati, hakuna utaratibu. Mjukuu atembee kutoka jikoni hadi hapa na cheti chake, na yeye apige kigelegele chake chote mpaka majirani waje. Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo kwa majuma, na njiani nilikuwa nimeshaisikia sauti yake ndani ya kichwa changu.

Mkwe alitikisa kichwa.

"Hapana."

"Mkwe, hata kidogo tu."

"Kigelegele si redio, mkwe, useme uzime halafu uwashe." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomweleza mtu wa mjini habari za korosho. "Mimi sikukipanga kile. Nilidhani nimekipanga, lakini nilipomsikia ameitwa jina la baba yake mbele ya watu wote wale, kilitoka chenyewe. Kile kilikuwa cha pale. Nikipiga hapa nitakuwa naigiza, na huyu atajua."

Nilitazama chini. Nilikuwa nimesafiri njia yote ile nikiwa na dawa mfukoni, kumbe ilikuwa dawa yangu mimi.

 Kuku walipita kando ya turubai, mkwe akawafukuza. Kisha akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, ya chini:

"Mkwe, hebu niambie kitu. Mimi nilijifunika. Sikumwona anavyopokea. Alipokeaje?"



Nilimtafuta mjukuu wangu katika kumbukumbu ya siku ile, pale mbele, mbele ya meza yenye kitambaa cheupe. Nilimwona mkwe amefumba macho. Nilimwona baba wa Madaba. Niliona bangili, niliona khanga inavutwa. Pale mbele hapakuwa na mtu.

"Sikumwona," nikasema. "Nilikuwa nawaangalia watu."

"Hukumwona hata kidogo?"

"Hata kidogo, mkwe. Nilikuwa nimempa mgongo."

Alinikazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile niliona ananihurumia. Akasogeza ungo pembeni.

"Basi sote wawili," akasema. "Tumelea, tumesubiri, na hakuna aliyeona." Akamgeukia mjukuu. "Mke mwenza, kaa hapa. Tuambie wewe."

Mjukuu wangu aliona haya. Alisema hakuna cha kusimulia, aliitwa akaenda akarudi. Bibi yake akampiga kofi dogo gotini. "Sema."

"Basi, nilikuwa na viatu vya kuazima kwa rafiki yangu. Cha kushoto kilikuwa kinapwaya. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kile kiatu, kisivuke."

"Ehe."

"Nikaitwa. Nikasimama. Halafu nikakusikia."

"Ulinisikia?"

"Bibi, nani hakukusikia? Nikajua ni wewe, hakuna mwingine anayeanzia juu vile. Nikasahau kiatu. Nilitembea vizuri kabisa, nikafika kwa mgeni rasmi nacheka. Akaniuliza, 'Nani huyo?' Nikasema, 'Bibi yangu, mama wa baba, ametoka Nalasi.' Akasema, 'Kutoka Nalasi! Mbona amenyamaza?'"

Mkwe hakutazama upande wangu, naye mjukuu hakutazama. Nilishukuru.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia anavuta pumzi."

Mkwe alicheka. Alicheka kwa tumbo lote, akajifuta macho kwa pindo la khanga, akacheka tena. "Anavuta pumzi! Umesikia, mkwe? Mtoto muongo huyu, kama baba yake. Halafu? Mkono alikupa gani? Alikuwa mtu mzima au kijana? Alikutazama usoni?"

"Bibi, maswali hayo mengi..."

"Usiniruke. Rudi nyuma. Anzia pale unapovaa viatu, asubuhi, na uliazimwa na nani." Kisha akanionyesha kwa kidevu nafasi iliyokuwa karibu yake, upande wa pili wa turubai. "Na wewe mkwe, sogea. Hapo hutasikia vizuri."

Nikabeba kigoda changu, nikazunguka korosho, nikakaa walipo.